Buibui kabla ya wakati wake: barua ya wazi kwa wakuu wa televisheni na filamu

Kwa wakurugenzi wa vipindi wa vituo vya televisheni vya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa. Kwa bodi za filamu. Na kwa mawaziri wenye dhamana ya utamaduni, bara na visiwani.

Waheshimiwa, assalamu aleikum.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Ng'ambo, mtaa wa mjini Unguja, vyerehani vitatu, wasichana wawili ninaowafundisha kazi, na televisheni moja iliyotundikwa juu ya mlango wa stoo. Adhana ikisikika tunaibana sauti. Umeme ukikatika inazimika yenyewe. Nyakati nyingine zote iko wazi. Nyinyi mnapimiwa watazamaji na makampuni mkaletewa michoro ya rangi. Mimi watazamaji wananikalia kwenye benchi, magoti yao yanagusa yangu, na wanayoyasema nayasikia yote. Ndiyo maana nimethubutu kuandika.

Vitu viwili vinawafanya wateja wangu wasahau kuniuliza gauni lao limefikia wapi. Cha kwanza ni tamthilia za Kituruki za enzi za masultani, zile zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Cha pili ni rialiti, vile vipindi vya kufungia watu ndani ya nyumba wakawekewa kamera mpaka jikoni. Nasikia wenye elimu wanasema hao ni watazamaji wa aina mbili: wa kale watu wazima wenye heshima zao, wa rialiti vijana wasio na kazi. Kwenye benchi langu ni mtu mmoja huyo huyo, na mara nyingi ana wajukuu.

"Sultan", ile tamthilia ya Sultani Suleiman wa Uturuki, ilipokuwa ikioneshwa Azam, kibanda kiligawika. Huku kambi ya Mahidevran, mama wa mtoto wa kwanza, aliyeingiliwa. Huku kambi ya Hürrem, binti aliyetekwa kwao kaskazini, akauzwa, akaingizwa nyumba ya Suleiman kama mali, akatoka mke wa ndoa. "Mwizi wa mume," wanasema hawa. "Kauzwa kama mbuzi, mlitaka afanye nini?" wanajibu wale. Mama mmoja akaanza kuyafananisha na yaliyomkuta dada yake Chake Chake, akataja na majina, ikabidi tumnyamazishe.

Sasa hebu nikwambieni nililoliona, kwa sababu hili michoro yenu haioneshi. Jeshi la Sultani likitoka Istanbul kwenda kupigana Hungaria, farasi mamia, bendera, ngoma, pesa zote zile za waandaaji, wateja wangu wanainuka kwenda kununua urojo. Wanarudi mlango wa nyumba ya wanawake ukifunguliwa tena. Nani kakaa karibu na nani. Nani hakuinamisha kichwa. Pete ile katoa wapi. Hapo urojo unapoa mkononi.

Na rialiti ni vivyo hivyo. Mwaka 2014 Idris Sultan wetu aliposhinda Big Brother Africa akaondoka na dola 300,000, mji mzima ulishangilia. Miaka saba kabla yake Richard Bezuidenhout, naye Mtanzania, alikuwa ameshinda ya 2007. Lakini kabla ya siku ya mwisho sikumsikia mtu akizungumza juu ya zile dola. Walizungumza juu ya sufuria. Nani kapika, nani kala akaacha sahani, nani anajifanya mgonjwa zamu yake ya kufagia ikifika. Kipindi hicho Waholanzi walikianzisha mwaka 1999 na kikazunguka dunia nzima. Cha Afrika kilipoanza 2003, wabunge wa Malawi walitaka kiondolewe kwenye televisheni ya taifa kwa kuharibu maadili. Huenda kweli kulikuwa na ya kuondolewa. Ila nina hakika na wabunge walikuwa wanajua zamu ya sufuria ni ya nani.

Ladha ni ile ile, waheshimiwa. Nyumba iliyofungwa, yenye wakubwa na wadogo, yenye sheria ambazo hakuna aliyeziandika, na wewe umeruhusiwa kuchungulia. Sisi tumelelewa tukikatazwa kuchungulia. Mtoto akichungulia chumba cha wageni anafinywa. Halafu ikaja televisheni ikasema: chungulia, hapana neno. Na nyumba zile tunazijua! Nani katika sisi hajawahi kukaa nyumba yenye wake wenza, au ya mkwe mwenye funguo kiunoni, au ya tajiri ambamo aliingia kwa mlango wa nyuma?

Tofauti yao ni moja tu, nami imenichukua miaka kuiona. Kwenye rialiti watu wanaapa kuwa ni kweli, na utamu wetu ni kuwafuma wakiigiza. Kwenye tamthilia ya kale wanasema wazi kuwa ni maigizo, na utamu ni kuifuma kweli imepita ndani yake. Mtazamaji wa vyote viwili ni mpelelezi. Mkimdanganya mahali anapopajua, mmemkosa.

Na hapo ndipo kisa changu kinapoingia.

Miaka ya karibuni alinijia kijana wa kampuni moja ya picha, mpole, ana karatasi ubaoni. Wanatengeneza tamthilia ya Unguja ya enzi za Sayyid Said. Nilifurahi mpaka nikamwagizia chai. Akasema anataka mabuibui arubaini, meusi, ya polista, kwa siku tatu.

Nikamwambia: mwanangu, Sayyid Said kafa 1856, baharini, akirudi kutoka Maskati. Buibui tunalolijua sisi limeingia pwani hii mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa iliyofuata. Hao wanawake arubaini unaotaka niwavishe, buibui lao bado halijashonwa. Akacheka. Akasema, "Mama, nani atajua?"

Nilishona. Nina kodi ya kibanda na nina watoto, sitajifanya shujaa hapa. Nilipewa nusu ya pesa siku ya kuchukua, na nusu nyingine ni ya kesho mpaka leo. Picha ilipooneshwa, bibi mmoja mteja wangu, jicho moja lina mtoto wa jicho, aliitazama dakika mbili akasema: "Hawa wanakwenda mazishi ya nani?" Akarudi kwenye uzi wake.

Mtasema ni nguo tu. Ngojeni niwaeleze nguo ni nini, maana hii ndiyo kazi yangu.

Katika Unguja ya wakati ule, nguo ndiyo ilikuwa kitambulisho. Mtumwa alivaa merikani, pamba ngumu isiyotiwa rangi iliyoletwa na merikebu za Wamarekani kutoka Massachusetts, ndiyo ikaitwa hivyo; au kaniki, ambayo ni merikani iliyochovywa nili. Mwanamke mtumwa aliifunga chini ya makwapa, mabega nje, kichwa wazi. Kujifunika kichwa kulikuwa haki ya mwenye uhuru wake. Mwanamume mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana. Bibi wa nyumba kubwa alivaa suruali ya marinda mliyoiona kwenye picha za zamani, kanzu ya hariri juu yake, na usoni barakoa. Ukimwona mtu njiani, kabla hajafungua mdomo umeshajua nani anammiliki nani.

Kanga ikaja baadaye, miaka ya 1870 na 1880, wanawake walipochukua leso za mraba wakaziunga, tatu juu na tatu chini. Maneno hayakuwepo, yameingia karne ya 20, kwa hati za Kiarabu kwanza, kisha hizi za Kirumi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani ndio walioikimbilia kanga, na rangi zake, na kujifunika vichwa vyao. Hawakufanya fasheni. Walikuwa wanatangaza.

Kwa hiyo mkimvika kila mtu buibui, mmefuta habari yote. Bwana na mtumwa wamekuwa sawa, mwaka 1850, kwa polista. Mtazamaji wangu hajui tarehe hizi, nakubali. Lakini anahisi kuna kitu kimekosekana, kama mchuzi usio na chumvi, na anabadilisha stesheni kwenda Uturuki, ambako walikaa chini wakaulizana nani avae nini.

Kinachoniuma ni kwamba hadithi tunayo, na imeandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya nyumba. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, kazaliwa 1844 Mtoni, mama yake Msirkasia aliyeletwa kama alivyoletwa yule Hürrem. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mmezisoma? Nauliza kwa heshima. Anaeleza jumba la Mtoni lenye watu kama elfu moja, na tausi na paa wakizurura uani. Anamweleza Bibi Azze, mke mkuu, mtu mfupi, asiyependwa, ambaye kila mtu alimwogopa na Sultani mwenyewe hamkatalii neno. Hebu niambieni kama huyo hatauza! Kwenye benchi langu angepata kambi yake ndani ya wiki moja.

Watoto wa kike walifundishwa kusoma, kuandika hapana. Salme akajifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Na siri hiyo ya kitoto ndiyo iliyomponza. Baba alipokufa, ndugu wakagombana. Barghash akataka kumpindua nduguye Majid, aliyerithi kiti, mwaka 1859, na wala njama wakahitaji mtu wa kuandika barua. Nani anajua kuandika? Binti wa miaka 15. Ndugu zake wa kike wanavutana, huyu kwa Majid, huyu kwa Barghash, nyumba zinatazamana dirisha kwa dirisha.

Halafu inakuja nguo. Nyumba ya Barghash imezungukwa na askari. Bibi Salme na dada yake Bibi Khole wanaingia, na wakitoka wametoka na mwanamke mrefu aliyefunikwa mwili mzima, macho tu ndiyo yanaonekana. Ni Barghash, na silaha zake ndani. Askari wanawapisha, kwa sababu hakuna askari wa kuthubutu kumgusa bibi wa kifalme aliyejifunika. Uasi mzima, waheshimiwa, ulipita kwenye pindo la nguo ya kike! Ulikuja kushindwa kwenye shamba liitwalo Marseilles, hapa hapa Unguja, Waingereza wakaingia kati, Barghash akapelekwa Bombay. Akarudi, na mwaka 1870 akawa Sultani, yule yule aliyejenga Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, mwaka 1883. Naye Salme kwa wakati huo alikuwa ameshapanda manowari ya Kiingereza, 1866, akamfuata mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Mume akagongwa na tramu Hamburg akafa 1870. Akabaki peke yake na watoto, nchi ya baridi, jina jipya, dini mpya. Mlango wa nyumbani kaka aliyemvika shela hakumfungulia.

Mwandishi gani wa Istanbul alibuni kitu kikubwa kuliko hicho? Na sisi tunaoneshwa Hungaria.

Najua jawabu lenu, nimeshalisikia: gharama. Vita, majahazi, mizinga, maelfu ya watu. Ndiyo maana nimewaambia habari ya urojo. Hatukuombeni vita. Mnapopata pesa kidogo mnakimbilia vita kwa sababu wakubwa wanapenda mashujaa juu ya farasi. Hata huko Uturuki, mwaka 2012 Erdoğan, akiwa waziri mkuu, aliilaumu hadharani tamthilia ile ile ya Suleiman: alisema Sultani alikaa miaka thelathini juu ya farasi, hakukaa nyumbani na wanawake kama alivyooneshwa. Watazamaji wake wakaendelea kutazama nyumba. Tuoneshe uani, chumba cha kusingia, jikoni, dirisha moja linalotazama bahari, watu kumi na wawili wanaojua kuzungumza. Hiyo si gharama ya majahazi. Inataka mtu mmoja wa kusoma vitabu kabla ya kamera kushikwa, na fundi mmoja wa kuulizwa kabla ya kitambaa kununuliwa. Afrika Kusini walifanya hivyo. Shaka iLembe, tamthilia ya mfalme Shaka wa Wazulu, ya 2023, ilichukua miaka ya maandalizi, na ilionekana kwenye kila ushanga.

Na rialiti je? Mkiweza, ziunganisheni. Waingereza walishafanya. Mwaka 1999 walichukua familia ya kawaida wakaiweka miezi mitatu kwenye nyumba ya London iliyorudishwa kuwa ya mwaka 1900: hakuna sabuni ya dukani ya nywele, hakuna mashine ya kufulia, nguo za kubana kiuno. Baadaye, kwenye jumba kubwa la Manderston huko Uskochi, wakaweka wengine wawe mabwana na wengine watumishi. Msichana wa kuosha vyombo, yule wa chini kabisa, hakudumu; kabwaga manyanga mapema sana, na aliyempokea naye hakukaa. Kipindi hicho kimoja kiliwafundisha Waingereza habari ya tabaka kuliko vitabu kumi, maana waliona mikono ya mtu ikichubuka.

Sisi tusirudi mpaka utumwa, hilo si la mchezo na sitaki kuliona. Lakini chukueni Ng'ambo hii hii ya mwaka 1928. Huo ni mwaka Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba aliyekuwa akitembeza vyungu akivinadi kwa sauti, alipokwenda Bombay kurekodi santuri, na mwaka huo huo Ng'ambo ilikuwa imegoma kulipa kodi ya ardhi za vibanda. Chukueni familia nne za leo. Simu ziwekwe kwenye kasha. Maji ya kuteka, kuni, taa ya mafuta, kanga za mkato ule, santuri moja mtaa mzima, na mwenye ardhi anakuja kudai kodi kila mwezi. Muone nani ataungana na nani. Mimi nitatazama, na hamtahitaji kumtukanisha mtu na mkwe wake ili watu wapige kura kwa simu.

Hizo kura nazo. Mjukuu wa mteja wangu alimaliza salio la mama yake la wiki nzima akimpigia kura mwimbaji mmoja. Andikeni bei ya kila ujumbe kwa herufi zinazosomeka na mtu mwenye mtoto wa jicho. Hilo ni dogo, linafanyika kesho.

Na la mwisho kwenu mnaoleta tamthilia za nje: wale waliomtia Hürrem sauti ya Kiswahili, wakampa "mtukufu Sultani wangu" na "niwie radhi" na zile lawama za pembeni, walituonesha kuwa lugha yetu inaingia kasri bila kujikwaa. Majina yao yapite polepole mwishoni mwa kipindi. Na siku mkianza kutengeneza ya Mtoni, wapigieni wao wa kwanza. Mdomo wao umeshazoea.

Magofu ya Mtoni yapo, njia ya Bububu, mnaweza kwenda leo. Kibanda changu nafungua saa tatu asubuhi, Ijumaa nafunga mchana. Nina jora moja la pamba ngumu isiyochovywa, nililipata kwa mzee aliyefunga duka Darajani, karibu kabisa na merikani kuliko chochote mtakachokipata sokoni. Nimelihifadhi. Njooni mlishike kwa mkono kabla hamjaandika bajeti.

Na yule kijana wa karatasi ubaoni akiisoma barua hii, nusu ya pesa zangu za mabuibui arubaini bado anayo.

Wenu,
Fundi wa Ng'ambo, Unguja